Otilia, Ambaye Kila Mtu Anasema Ni Wake

Ni mwaka mmoja sasa, Otilia, tangu wanawake wa soko la San Lucas wakubebe mabegani kwenda makaburini, nami mumeo nikafuata nyuma kama mtu aliyekuja kumzika jirani. Nilitaka kushika jeneza. Kila nilipopeleka mkono nilikuta bega la mtu. Mama Tiburcia, yule muuza pilipili, alinisogeza kwa kiwiko akasema, "Shemeji, pisha, utatuangusha." Nikapisha. Mwaka mzima nimekuwa nikipisha, na sasa nimechoka.

Hili ni tangazo la familia. Binti yetu Yareli anaandika, mimi nasema, na mama yako Bibi Refugio amekaa mlangoni na paka wake, anasikiliza apate pa kunikosoa. Mhariri wa gazeti alituambia kumbukumbu ni mistari michache na picha. Nikamwambia mke wangu alisema barabarani miaka yote ile na mimi nilikaa kimya, kwa hiyo maneno yangu yote bado ninayo. Amekubali kwa sababu anakula kwangu.

Picha hiyo hapo juu nimeichagua mwenyewe. Wenzako walitaka ile ya kipaza sauti, umenyoosha mkono, mdomo wazi, ile waliyoichora kwenye ukuta wa soko kubwa kuliko nyumba yetu. Mimi nimeweka hii umelala kwenye machela, kile kitanda cha kamba kinachoning'inia uani, kiatu kimoja mguuni na kingine hakijulikani kilipo.

"Baba," Yareli ameniambia sasa hivi, "Mama angekununia wiki nzima kwa picha hii."

Na aje aninunie. Nimeiweka kwa sababu hawanayo.

Gari la matangazo uliachiwa na baba yako. Kaka zako Macedonio na Eleuterio walilikataa, wakasema mwanaume mzima hawezi kuzunguka akinadi tikiti maji, tikiti maji. Ukalichukua wewe. Watu wakasema nani atanunua mtungi wa gesi kwa sauti ya mwanamke. Walinunua. Baada ya muda hakuna kilichotokea San Lucas bila kupitia kwako: mkate umetoka, viatu vimeshuka bei, maji yatakatika, fulani amefariki, mbwa wa fulani amepotea. Mbwa ndio waliniuma zaidi. Ulikuwa ukitangaza mbwa wa watu kwa sauti ambayo mimi sijaitwa nayo hata siku ya harusi. "Ana doa jeupe kifuani, ni mpole, wanaompenda wanamsubiri nyumbani." Nilikuwa jikoni nakata vitunguu, nikisikia hayo natamani na mimi nipotee.

Halafu kulikuwa na wale kina baba. Usidhani sikuwaona. Mtu anakuja kukulipa utangaze mbuzi wake, na mji mzima unajua hajawahi kufuga hata kuku. Wanaegemea dirisha la gari, wanacheka na wewe, mbuzi anapotea kila wiki. Nilikuuliza, ukasema, "Fidencio, huyo mbuzi ndiye anayenunua mafuta ya gari." Sikucheka.

Mimi nilipika. Kibanda changu kipo palepale sokoni, meza ndefu na kikaango kikubwa, mchuzi mweusi wa pilipili na kakao kama alivyonifundisha mama yangu, na chapati za mahindi. Wanaume wenzangu walinipa jina, mama lishe mwenye masharubu. "Mkeo anaendesha, wewe unakoroga! Huyu kalishwa limbwata, si bure." Siku moja ulisimamisha gari mbele ya kibanda, ukawasha kipaza sauti, ukatangaza katikati ya soko: "Wanaomcheka mume wangu kwa kupika, nimewaona wote mezani kwake mchana huu, na wawili wameomba kuongezewa." Soko lilivunjika mbavu. Niliona fahari kiasi cha kuunguza wali. Mara moja tu, Otilia. Wale mbwa uliwatangaza kila siku.

Nasema haya kwa utani, lakini wanaosoma wanajua ni wapi utani uliishia.

Wakwe zake Maricruz, yule binti mshona vitambaa wa mtaa wa chini, walikuletea tangazo la msiba. Liliandikwa vizuri, kwa unyenyekevu: ameaga dunia ghafla, familia inaomba utulivu. Ulikuwa umesoma matangazo ya namna hiyo maisha yako yote. Nilikusikia kutoka jikoni ukianza, jina lake, umri wake, saa ya maziko. Ukafika kwenye lile neno, ghafla, ukanyamaza. Injini ikawa inanguruma peke yake. Nikadhani betri ya kipaza sauti imekwisha.

Kisha ukasema: "Maricruz hakufa ghafla. Alikufa polepole, tangu aolewe, na sisi majirani tulikuwa tunasikia tukaongeza sauti ya redio. Aliyemuua ni mumewe. Maziko ni saa kumi."

Ukazunguka mji mzima ukisema hivyo, mtaa kwa mtaa, kwa sauti ileile ya gesi na mkate. Jioni watu wakakata nyaya za gari na kupasua kioo. Nilikukuta unafagia vioo, nikakufokea kwa hofu. Nikasema sasa umejitafutia uadui na waume wote wa mji. Ukaniuliza, "Na wewe umo?" Nikasema mimi simo. "Basi nishikie taa nifunge hizi nyaya," ukasema. Nikakushikia.

Tangu hapo Jumamosi zikawa si zetu. Jumamosi ilikuwa siku yangu na wewe, nakukumbusha kama umesahau. Nilikuwa nafunga mapema, tunakwenda kula aiskrimu ya ukwaju mbele ya kanisa. Wanawake wakaanza kukusubiri. Kwanza walikuja wachache na shela zimeficha nyuso, wakasimama karibu na gari kana kwamba wanauliza bei ya gesi. Kisha wakaja waziwazi. Wakaleta viti. Mama Tiburcia akaleta sufuria na mfuniko wa kugongea, wenzake nao wakaleta vyao. Mkaenda mbele ya ofisi za manispaa, mkagonga mpaka yule mkuu wa polisi aliyekuwa akisema haya ni mambo ya mume na mke akafunga dirisha, kisha siku nyingine akalifungua, kisha akatoka nje akasikiliza. Mlikwenda shuleni mkawaambia wavulana kwamba kulia si aibu na kufua si adhabu. Mtoto mmoja akakuuliza, "Mama, kwani mumeo anafua?" Ukamjibu, "Anafua, na anapiga pasi kuliko mimi, ila anajivuna." Niliambiwa na watu. Nilijivuna.

Ulikuwa ukirudi nyumbani umekauka sauti. Mji ulipata maneno, mimi nilipata ishara za mikono. Unakaa kwenye kiti chako, unashika maji ya moto ya ndimu na asali, unaniambia kwa vidole habari za siku nzima: huyu amelia, yule amerudi kwake, yule mwingine amekataa kurudi. Nilikuwa nakasirika kwamba hukunibakizia hata sentensi. Sasa naona kwamba ile lugha ya vidole tulikuwa nayo sisi wawili tu. Hiyo hawawezi kuichora ukutani.

Na siku ya Casilda nitaisema, kwa sababu bila hiyo hakuna atakayeelewa kwa nini tangazo hili limekuwa refu.

Casilda alikuwa mke wa Gumaro mwenye bucha, ile ya kona ya kanisa. Kila mtu alikuwa anajua, kama tulivyojua ya Maricruz. Hukuingia dukani mwake, hukumtukana. Uliegesha gari mbele ya bucha mchana kweupe, ukafungua mlango wa upande wa abiria, ukasema kwenye kipaza sauti, "Casilda, mlango wa gari uko wazi. Hatuna haraka." Kisha ukaendelea na kazi yako. Matikiti maji yamefika. Mkate umetoka. "Casilda, bado tupo." Wanawake wakasimama kila upande na sufuria zao, hawakugonga. Gumaro alitoka na aproni ya damu, akatazama, akarudi ndani, akatoka tena. Alasiri ilikuwa imekwisha Casilda alipotoka na mfuko mmoja wa nguo, akapita mbele yake asimtazame, akaingia garini, akafunga mlango mwenyewe. Chakula changu kilikuwa kimepoa zamani. Ukamleta nyumbani kwetu ukampa kile chumba cha nyuma, chumba nilichokuwa nimekikusudia kwa ajili ya mashine yangu ya kusaga kakao, na hukuniuliza.

"Atakaa kwa muda," uliniambia kwa vidole.

Bado yupo. Anapika chapati za mahindi kwenye kikaango changu, na zake ni nyembamba kuliko zangu. Mwanzoni alisimama daima mgongo wake ukiwa ukutani. Ulikuwa unakaa naye uani mkicheka mambo nisiyoyajua, na nilipotokea mnanyamaza. Naam, na huyo pia nilimwonea wivu. Nilimwonea wivu mwanamke aliyekuwa na kidole kisichonyooka tena, kwa sababu alikufanya ucheke.

Figo zako zilipochoka wakaanza kuleta supu. Mimi mpishi, Otilia, mpishi, na mke wangu analetewa supu na watu wa nje! Supu ya Mama Tiburcia ina chumvi kama bahari. Uliinywa yote. Nilikuona.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe, maana Bibi Refugio anatikisa kichwa pale mlangoni.

Mwaka umetimia, na msalaba mpya lazima upelekwe kaburini kwako. Mfiwa haubebi. Hilo nalijua, ingawa nilikwenda kwa Padri Anselmo nikajaribu. Unabebwa na msimamizi, mtu wa nje ya nyumba, naye tangu siku hiyo anakuwa ndugu wa nyumba hiyo. Wenye msiba humwendea na kikapu cha mkate na chokoleti ya kunywa. Akila, amekubali, na wao wamempokea. Hakuna wa kumwuliza tena lolote.

Wakaja wao kabla sijakwenda kwa mtu. Mama Tiburcia mbele, na wenzake wamejaa uani wamekalia mpaka machela yako.

"Shemeji," akasema, "tumekaa, tumeongea. Msalaba utakuwa wa zambarau, rangi yetu ya maandamano, na hautakwenda makaburini. Tutausimika mbele ya manispaa, wauone kila wakiingia kazini."

"Na msimamizi?"

"Sisi sote."

"Msalaba mmoja, wasimamizi wote hawa?"

"Kwani Otilia alikuwa wa mtu mmoja?"

"Alikuwa wangu."

Walicheka. Si kwa ubaya, lakini walicheka. Mama Tiburcia akanishika bega. "Shemeji yangu, wewe ulipata mke. Sisi tulipata mama." Wakaitikia wote, ndiyo, mama, mama yetu. Yareli alikuwa amesimama palepale, mtoto uliyemzaa wewe, na hakuna aliyemtazama. Nikawaambia watoke. Nikawaambia kaburi ni la kwangu, msalaba ni wa kwangu, na machela ni ya kwangu, washuke.

Kesho yake akaja Gumaro.

Alikuja amevaa shati jeupe, nywele amezilaza kwa maji, kikapu mkononi. Mambo yalikuwa kinyume, maana sisi ndio tulipaswa kwenda kwa mtu na kikapu, lakini sikulifikiria. Akanisalimia kwa adabu. Akasema marehemu alimtengeneza. "Nilikuwa mnyama, Mzee Fidencio, nakiri mbele ya Mungu. Sasa sinywi. Nasali. Msalaba nimeshauchonga, wa jiwe, jina lake kubwa tu, hakuna zambarau, na utakaa kaburini, mahali pake. Niruhusu niubebe. Wewe sema tu."

Jina lako tu, kaburini. Ndilo nililokuwa nikilitaka. Lakini sitakudanganya, Otilia, hata hapa mbele za watu: kilichonivuta si jiwe. Nilifikiria uso wa Mama Tiburcia akisikia. Nilifikiria wale wote wakisimama kando ya njia mikono mitupu, wakipisha. Moyo ukawa mtamu. Nikamega mkate wake nikala, nikanywa na chokoleti.

Akanikumbatia. "Sasa sisi ndugu wa msalaba, kompadre." Kisha akatazama juu ya bega langu, kule chumba cha nyuma, akauliza polepole kama mtu anayeulizia hali ya hewa, "Casilda bado anaamka mapema?"

"Mapema kuliko jogoo," nikamjibu.

Mama yako alipopata habari alinijia na fimbo. "Umekula mkate wa yule? Paka wangu huyu angeunusa kwanza." Nikasema mtu amebadilika, ametubu. "Ametubu kwa nani? Kwa Casilda amekwenda? Au amekuja kwako kwa sababu wewe una ufunguo wa geti?" Sikuelewa. Nakuapia, nilikuwa nimeshiba wivu, sikuelewa.

Casilda ndiye aliyenielewesha, naye hakupandisha sauti. Tulikuwa kibandani asubuhi, yeye kwenye kikaango, mimi kwenye mchuzi.

"Mzee Fidencio, utafute mtu wa kukusaidia hapa. Ijumaa nitakuwa nimeondoka."

"Kwenda wapi?"

"Mbali. Nina shangazi, nikimkuta hai."

"Nani amekuudhi? Kama ni lile suala la chapati nilikuwa natania."

Akageuza chapati kwa vidole, kile kilichopinda kimetulia pembeni. "Ndugu wa msalaba haingii nyumbani kwa kubisha hodi," akasema. "Anaingia tu. Anakaa mezani, anapakuliwa. Nani atampakulia, wewe?"

Nikasimama na mwiko mkononi. Otilia, miaka yote ile nilikuwa karibu yako kuliko wote, nikakushikia taa, nikasikia kila neno, na mtu mwenye kikapu akaja akanunua mlango wako kwangu kwa mkate. Wao wasingemfungulia. Hata mmoja kati ya wale waliokalia machela asingemfungulia. Hilo limeniuma kuliko kiwiko cha Tiburcia.

Nilikwenda kwa Padri nikaulize namna ya kuurudisha ule mkate wa Gumaro. Akavua miwani. "Mkate umeliwa, Fidencio. Na yeye amekwisha kumwambia kila anayenunua mifupa kwamba ni ndugu yako. Ukimnong'oneza kwamba umeghairi, atasema hukughairi. Kalisemee pale ambapo watu wote wanasikia."

Yareli akasema, "Baba, gari liko nje. Kipaza sauti kinafanya kazi."

Nikamwambia mimi na kile kipaza sauti hatusalimiani. Kilikaa karibu na mdomo wako kuliko mimi. Ndipo tukaja gazetini.

Kwa hiyo nakwambia wewe, mke wangu, na anayesoma asome, na anayesomewa asomewe. Gumaro mwenye bucha hataubeba msalaba wako. Alimpiga mkewe Casilda miaka yote ya ndoa yao, mji ukijua. Alinijia na mkate ili apate mlango wa kumfikia, nami nilimfungulia kwa sababu ya wivu niliokuwa nao kwa watu wengine. Yeye si ndugu yangu, si kompadre wangu, na geti langu lina kufuli jipya. Kikapu chake kiko kwenye meza yangu sokoni, na ndani yake mkate mzima niliouoka mwenyewe, bora kuliko wake. Aje akichukue mchana, watu wakiwepo. Jiwe lake abaki nalo. Kama ametubu kweli, atubu akiwa mbali na Casilda.

Naogopa, usifikiri siogopi. Ana mwili na ana visu. Nilipomwambia Mama Tiburcia kwamba nitayasema haya, alihamisha magunia yake ya pilipili, akayapanga ubavuni mwa kibanda changu, na tangu jana anauzia hapo. Hakuniomba ruhusa. Anapiga kelele siku nzima na wateja wangu wanapiga chafya.

Jana jioni nilijaza kikapu kingine, nikavuka ua, nikabisha hodi chumba cha nyuma. Casilda alikuwa anakunja nguo. Nikamwambia natafuta msimamizi wa msalaba wa mke wangu, na kwamba nimekuja kwake na mkate kama inavyotakiwa.

Akautazama ule mkate. "Unanipa mimi ili usimpe Mama Tiburcia?"

"Kidogo, ndiyo."

"Na kingine?"

"Nikikupa wewe, wewe ndiye utakayekuwa ndugu wa nyumba hii. Utaingia bila hodi. Huna sababu ya kwenda kwa shangazi."

Akacheka. Alicheka kile kicheko chenu cha uani, Otilia, kile mlichokuwa mkikinyamazisha nikitokea, ila safari hii hakukinyamazisha. Akamega, akala. Halafu akasema, mdomo umejaa, "Lakini ni mzito. Njia ya makaburini ni ya kupanda. Peke yangu sitauweza. Watanipokea wenzangu, mmoja baada ya mwingine, mpaka juu."

Yaani wote. Yaani Tiburcia na sufuria zake, na wale wa viti, na wale walioanza na shela usoni. Wote watakushika tena, na mimi nyuma. Nikajua nimeshindwa. Nikamwambia sawa.

Msalaba ni wa mti, jina lako kamili, na rangi yake ni zambarau. Hapo nako nimeshindwa. Lakini utakaa kaburini. Mbele ya manispaa wakasimike mwingine, na kwa huo wa pili msimamizi ni Yareli, wasibishane naye.

Misa ni Jumamosi hii saa tatu asubuhi, kisha makaburini, kisha nyumbani kwetu. Nimeanza kukaanga pilipili tangu leo. Waje wote wanaosema wewe ni mama yao, wakae kwenye machela wakitaka. Nitampakulia kila mmoja kwa mkono wangu, na kila mmoja nitamwonea wivu nikiwa nampakulia.

Unakumbukwa na mama yako mzazi, Bibi Refugio. Binti yako Yareli, ambaye sasa ndiye anayeendesha gari. Kaka zako Macedonio na Eleuterio, ambao siku hizi wanasema walikuachia kwa hiari. Ndugu yetu wa msalaba, Casilda. Na wanawake wote wa Jumamosi, ambao mhariri amesema majina yao hayatoshi kwenye ukurasa, na mimi sikubishana naye.

Na mimi mumeo, Fidencio.

Daima tutakukumbuka sote, Otilia, ila mimi nitawazidi.